Nilivyomfungisha Mtu Pingu Msibani Ipuli

Jamani, sijui nijifiche wapi. Wiki moja tu baada ya mafunzo ya msaada wa kisheria, nilishajiona hakimu.

Msibani Ipuli nikamkuta jamaa nisiyemjua amesimama mbele ya mjane, panga lake linachuruzika damu, anafoka, "Leo nakukata!" Nikapiga simu polisi: "Afande, nia ipo, silaha ipo, damu hiyo hapo. Ni kosa la kudhuru mwili!"

Wakaja, wakamfunga pingu. "Mama, amekujeruhi wapi?"

Mjane akashangaa. "Mimi? Amechinja jogoo wangu tu. Huyu Mzaramo ni mtani wetu, kazi yake msibani ni kututania!"

Waombolezaji wote wakanigeukia mimi, Mnyamwezi wa kuzaliwa nisiyemtambua mtani wake.

Yule jamaa akaniinulia pingu. "Usihofu, mtani. Ukifa wewe, nitachinja ng'ombe."