Dawa ya Hofu ya Bibi Hasnija

Mtaani kwetu ukiumwa jino unakwenda kwa daktari, ukivunjika mguu unakwenda kwa daktari, lakini ukiingiwa na hofu unakwenda kwa Hasnija. Daktari anajua nini habari za hofu? Kasoma miaka yote ile Sarajevo, karudi na miwani, na hata kuyeyusha madini ya risasi hajui.

Mimi ni Zumra, jirani yake. Ua wangu na wake umetenganishwa na uzio wa mbao ambao Ragib, mumewe Hasnija, anaahidi kuutengeneza tangu nchi ilipokuwa bado Yugoslavia. Kwa hiyo mengi nimeyaona bila kuchungulia. Uzio wenyewe ndio uliokuwa ukinionyesha.

Hofu ya kwetu tunaiita strava. Mtoto akishtuka usingizini, bi harusi akikosa hamu ya kula, mwanamume akiruka mlango ukibamizwa, tunasema strava imemkaa mwilini na inakataa kutoka. Hasnija anakuketisha kwenye kigoda jikoni kwake, anakufunika shuka, anayeyusha risasi ndani ya kibirika cha kahawa, anasoma dua, kisha anaimwaga katika bakuli la maji baridi juu ya kichwa chako. Risasi inachachatika, inaganda kwa umbo la ajabu, naye analigeuzageuza mpaka amtambue aliyekutisha. Mwisho unapewa mafunda matatu ya yale maji unywe. Na dua sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na maji, na huko nitafika.

Kazi hiyo alirithishwa na mama mkwe wake, mwanamke aliyekuwa mchoyo hata wa salamu. Bibi huyo alikuwa na kipande kimoja tu cha risasi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, alichokifunga kwenye kitambaa na kukitumia maisha yake yote. Kwa Hasnija hakikutosha. Baada ya vita watu walipanga foleni mpaka langoni kwangu, maana kama kuna kitu ambacho vita vilitugawia sote bila upendeleo, ni hofu. Hasnija akawa anahitaji risasi nyingi, na haraka.

Hapo ndipo Ragib alipojitokeza kusaidia, Mungu atulinde na msaada wa wanaume waliostaafu. Alikuwa dereva wa basi, akapewa cheti na saa ya ukutani, akaletwa nyumbani akae. Hakukaa. Akagundua kwamba ndani ya betri za gari zilizokufa mmejaa vibao vya risasi, na kwamba watu wanazitupa. Toka siku ile hakuna betri iliyokufa kwa amani katika wilaya yetu. Alizikusanya kwa mkokoteni, akazipanga bandani, nyingine zimelala ubavu zikivuja taratibu, na kila asubuhi alizipasua kwa shoka moja moja kama anayepasua kuni. Maji ya betri, yale makali yanayokula nguo, aliyamwaga chini ya mti wa plamu. Alisema yanaua wadudu. Yaliua wadudu, kweli, na mwaka uliofuata yakaua mti.

Ubavuni mwa kila betri kuna picha, zimewekwa kwa ajili ya watu kama Ragib, wasiopenda kusoma. Siku moja nilimwuliza anazielewa vipi. Akanifafanulia kwa subira, kama ninavyofafanuliwa kila kitu na wanaume. Picha ya miwani, alisema, ni ya watu wenye macho mabovu. Mkono unaochuruzikiwa na tone na kutoboka ni biashara ya Wajerumani, wanataka wakuuzie glavu. Na mtoto aliyewekwa mbali na betri?

"Hiyo maana yake usimuuzie mtoto," akasema. "Mtoto atapata wapi gari, jirani?"

Nikamwambia basi hata ule moto wa sigara uliokatwa mstari una maana yake. Akacheka. Juma lililofuata alikuwa anachaji betri moja aliyodhani bado ina uhai, akainama kuchungulia matundu yake na sigara mdomoni. Betri ikichajiwa hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, na gesi ile haikujali kama alikuwa dereva mzoefu. Mlipuko ulitikisa vyungu vyangu rafuni. Bahati yake alikuwa karibu na bomba, Hasnija akamshika kichwa chini ya maji kwa muda mrefu huku akimtukana, na macho yakapona. Nyusi hazikurudi sawa. Tangu hapo ana uso wa mtu anayeshangaa, ingawa hakuna kilichowahi kumshangaza.

Basi katika nyumba hiyo ndimo alimoletwa Belkisa. Ni mtoto wa binti yao Senada, anayelea wazee wa watu huko Austria ili atume pesa za kulelea mtoto wake huku. Alikuja akiwa na miaka mitatu, mashavu kama madonge ya unga, anaimba, anahesabu kwa sauti kuku wote wa mtaa na kuwapa majina. Bata bukini wangu dume, mkorofi asiyeogopa hata gari la polisi, alimwita Mjomba. Hasnija alimpenda mtoto huyo kwa namna ambayo hakuwahi kumpenda mtu, na nasema hivyo nikijua jinsi alivyompenda Ragib, yaani kwa kelele.

Mtoto akashinda bandani na babu yake. Akachezea vibao vya kijivu, akavipanga kama sahani, akapika bureki, mkate wetu wa nyama, kwa udongo. Hasnija ni mwanamke msafi wa kupindukia. Ukiingia kwake na viatu afadhali uwe umeingia na jambia. Lakini ovaroli ya Ragib, yenye vumbi la kijivu mpaka mifukoni, aliifua pamoja na vinguo vya mtoto, na risasi aliiyeyushia kwenye jiko lile lile alilochemshia maziwa.

Mwaka wa pili mtoto akaanza kubadilika. Akawa mweupe kama nta. Tumbo likamsokota, choo kikakataa kutoka, bureki akaisukuma. Alikuwa analia bila sababu, halafu akawa hana habari na mtu. Nyimbo zikakatika katikati. Siku moja alisimama kwenye uzio akimtazama bata wangu muda mrefu, mdomo wazi, na jina halikuja.

Hasnija hakuhitaji kuambiwa. Strava. Akamfunika shuka, akamwaga, akageuza risasi kwenye mwanga wa dirisha, akatazama nje moja kwa moja uani kwangu.

"Zumra," aliniambia uzioni, "ni bata wako."

Nilimjibu kwamba bata wangu ana makosa mengi ila kichwa cha mtoto hajakigusa. Akanionyesha kipande: shingo hii hapa, mdomo huu hapa. Nilichoona mimi ni kijiko kilichopinda. Lakini hakuacha kuninyooshea kile kipande juu ya uzio, na mtoto ni mtoto. Nikamchinja Mjomba. Alikuwa mgumu kutafuna kama alivyokuwa mgumu kuishi naye, na Belkisa hakupata nafuu hata chembe.

Ijumaa iliyofuata akamwagiwa tena. Risasi ikaonyesha pikipiki, ikatafutwa pikipiki ya nani. Ijumaa nyingine ikaonyesha kitu kama mlango. Kadiri mtoto alivyozidi kudhoofu ndivyo dawa ilivyozidishwa, na dirisha la jiko likafungwa asipigwe na upepo. Mafunda matatu ya maji yakawa kikombe. Naye Ragib, mtu wa huruma, akapasua betri mpya ili mjukuu asimwagiwe risasi iliyokwisha kutumika kwa hofu za watu wengine.

Kilichowapeleka zahanati ni degedege. Mtoto alianguka uani, akakakamaa, macho yakageuka juu, na Hasnija akapiga ukelele ambao sikuusikia kwake hata wakati wa vita. Niliwapeleka mimi kwa gari langu.

Daktari, yule mwenye miwani, alimtuliza mtoto kwa sindano, akamtoa damu, akauliza maswali. Je, nyumbani kuna mtu anayeshughulika na rangi za kale, mabomba, betri? Hasnija akaona anatukanwa.

"Daktari, sisi watu safi," akasema. "Viatu tunavua mlangoni."

Akaulizwa ni dawa gani amempa mtoto. Hapo uso ukamfunguka, maana hatimaye alikuwa ameulizwa jambo analolijua. Akaeleza vyote kwa mpangilio: kigoda, shuka, kibirika, maji. Daktari akaweka kalamu mezani.

"Hiyo risasi unaitoa wapi, mama?"

"Ya bure," Hasnija akasema. "Mume wangu anavunja betri."

Majibu ya damu yalipofika kutoka mjini hakutukemea, na ingekuwa nafuu angetukemea. Alitueleza polepole. Risasi ikiyeyushwa hutoa moshi na majivu, na mtoto huyavuta. Ikimwagwa majini huacha chembe zake humo, na mtoto huzinywa. Vumbi lake hukaa kwenye nguo na vidoleni, na vidole vya mtoto vinaishi mdomoni. Ikishaingia haina haraka ya kutoka. Hukaa kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye ubongo unaokua. Betri haipasuliwi nyumbani, inapelekwa nzima na wima dukani kunakouzwa mpya, basi. Ragib alipimwa naye, na Hasnija, na ikajulikana kwa nini mikono ya Ragib hutetemeka, jambo ambalo yeye alikuwa akiilaumu pensheni.

"Alipokuwa akilia," Hasnija alimwambia daktari, "mimi nilijua haijatoka. Nikaongeza."

Daktari akasema ndiyo, anaelewa.

Belkisa alilazwa hospitali ya mjini, akapewa dawa ya kuifukuza sumu. Walikuja watu wa wilaya wamevaa nguo nyeupe na vinyago, wakabeba banda zima, wakachimba udongo wa pale uliposimama mti wa plamu. Ragib aliwafuata nyuma akilalamika kwamba wanamwibia udongo. Senada alifika kwa basi la alfajiri, hakuwasalimu wazazi wake, akakaa hospitalini, na mtoto aliporuhusiwa akaondoka naye moja kwa moja kwenda Austria. Daktari alimwambia kwamba uzito utarudi, rangi itarudi. Kuhusu maneno hakuahidi.

Hasnija hamwagi tena. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto alimleta mwanawe aliyeshtushwa na fataki, akaambiwa langoni ampeleke kwa daktari. Mtaani sasa wanasema Hasnija ameanza maringo, eti anataka apandishe bei kwanza.

Juzi alasiri alikuja jikoni kwangu, jambo asilolifanya, kwa kuwa kahawa yangu huiita maji ya kuoshea vikombe. Alikaa bila kuionja. Alikuwa ametoka kuzungumza na Belkisa kwa simu, Senada amekubali kwa mara ya kwanza. Nikamwuliza mtoto anasemaje.

"Amenitazama," akasema. "Kwenye kioo cha simu. Senada akamwambia, huyu nani? Akanitazama tu."

Nikasema watoto ndivyo walivyo na simu.

"Zumra, mimi naogopa. Naogopa akikua atakumbuka nilichomfanyia." Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Halafu namwomba Mungu mtoto akumbuke. Akumbuke kila kitu, anichukie, lakini akumbuke."

Nikakaa karibu naye, nikamshika mkono, na kahawa ikapoa mbele yetu.