Mbio za Kumfungua Ulan

Sayragul, jirani yangu wa kuuza kofia sokoni mjini Naryn, alimbeba mjukuu wake Ulan mgongoni hadi miaka mitatu. Wajukuu wangu wa umri huo walikuwa wakiniletea wateja. Kwetu mtoto akianza kutembea hufungwa miguu kwa uzi, watu hushindana mbio, na mshindi huukata. Mtoto hurithi mwendo wa mshindi huyo. Aliposhindwa kuiahirisha zaidi siku hiyo, Sayragul akachagua wakimbiaji mwenyewe: wazee watatu, wote wabovu wa magoti.

“Shoga, haya mashindano au mazishi?” nikamuuliza.

“Nyamaza. Akirithi mbio atafika Uchina, nani atamrudisha?”

Wazee wakaanza mbio kwa kukohoa. Katikati ya njia wakaketi, wakaomba chai, wakapelekewa. Ulan akangoja kwenye zulia mwisho wa njia mpaka akachoka. Akaruka kichura, uzi miguuni, hadi kwa mzee Toktosun, mmoja wa wale watatu.

“Babu, kata.”

Toktosun akaweka kikombe chini, akakata. Ulan akatimua mbio kuelekea barabarani.

“Mkamateni!” Sayragul akawapigia kelele wakimbiaji wake.

Wakamwomba wamalize chai kwanza.