Kiganja Nilichokiona Mkekani

Msimamizi wa ukurasa huu, naomba ufiche jina langu. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ninaishi Rumonge. Nilikaa uhamishoni Tanzania miaka mingi, na huko niliwafundisha watoto wa wakimbizi kusoma, kuandika na kusema kweli. Waliosema uongo niliwachapa. Naomba mlikumbuke jambo hilo mtakapofika mwisho.

Kijana wangu wa mwisho, ambaye watu walimwita Mamba, ni mchezaji wa judo. Alianzia kwenye mikeka ya kuazima katika ukumbi wa parokia, akawaangusha waliomzidi umri, kisha akaanza kushinda hata Bujumbura. Kadiri ushindi ulivyozidi, adabu ilipungua. Kabla ya pambano wachezaji huinamiana kwa heshima. Yeye aliinama nusu, kama mtu anayetafuta kiatu chake. Akimwangusha mwenzake, aliweka viganja shavuni kumwonyesha kwamba sasa alale. Alijirekodi kwenye simu akiwatukana wapinzani: "Njoo, mutoto wa mama! Nitakuanika kama ndagala!" Nusu ya watu walimchukia. Nusu nyingine walimshangilia, na wote walikuja kumtazama.

Nilipaswa kumkemea. Sikumkemea, kwa sababu sokoni niliitwa Baba Mamba, akina mama wauza samaki walinichagulia ndagala wazuri, hao dagaa wa ziwani kwetu, na kila pambano niliwekewa kiti mbele kabisa. Niseme wazi: nilikipenda kiti kile.

Ni kwenye kiti hicho nilipoona. Siku moja, Bujumbura, kijana wangu alipangiwa kupambana na Fidele wa Nyanza-Lac, kijana mpole anayeishi kwa kuvuta nyavu. Baba yake, Zakaria, ni rafiki yangu wa kambini. Tulilima mashamba yaliyopakana, tukarudi nyumbani kwa lori moja. Mwanangu alimlaza Fidele chini, akaubana mkono wa mwenzake kiwikoni. Katika judo, aliyezidiwa akipiga mkeka kwa kiganja amekubali kushindwa, na ni lazima aachiwe papo hapo. Fidele alipiga. Mwamuzi alikuwa upande wa pili, na miili yao ilimziba asione. Mimi nilikiona kiganja kikipiga, kikapiga tena. Mwanangu akainua macho, akaniona nikitazama, kisha akavuta. Kiwiko kililia, ukumbi mzima ukasikia.

Alisimamishwa kucheza mpaka shauri lichunguzwe. Mamba akawa mtu wa kulala mchana. Wale waliokuwa wakiimba jina lake sasa walipita mbele ya nyumba yetu wakipaza sauti: "Iko wapi Mamba? Iko mu shimo!" Mke wangu alifunga madirisha. Kijana alishikilia neno moja tu, kwamba Fidele hakupiga mkeka.

Kwetu, mtoto wako akimuumiza mtoto wa mwenzako, wewe ndiwe unayebeba pombe kwenda kuomba radhi. Mimi nilichelewa kwa aibu. Zakaria akanitangulia, akaja kwangu yeye mwenyewe na mtungi wa pombe ya ndizi, ili kunirahisishia.

"Amahoro, Mwarimu," alisema. "Sikukuja kwa ugomvi. Mutoto wangu anasema alipiga mukeka. Wako anasema hapana. Wewe ulikuwa karibu. Uniambie, tunywe, iishe."

Mrija wa kunywea ulikuwa tayari mkononi mwangu. Neno linalosemwa kabla ya wawili kunywa mtungi mmoja huwa limefunga shauri, halifunguliwi tena. Kijana wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Sikumwona akipiga, Zakaria."

Akachomeka mrija wake mtungini. "Basi. Kama ni Mwarimu anasema, ni wangu amedanganya."

Tukainama juu ya mtungi, tukanywa.

Aliporudi kwake, Zakaria alimgombeza Fidele mbele ya majirani. Sasa Nyanza-Lac nzima inamwita kijana yule mwongo. Mkono haujanyooka, nyavu havuti tena, na akipita ufukweni wavuvi wenzake hupiga viganja kwenye mbao za mitumbwi, wakicheka.

Nako huku kwetu viongozi wa klabu wananitaka nikatoe ushahidi mbele ya kamati inayochunguza shauri ili Mamba arudishwe. "Muzee, wewe ukisema, nani atabisha?" Mke wangu, asiyejua lolote, ananihimiza: "Nenda, Baba, useme ulichoona tu, utuondolee hii aibu."

Nilimwita kijana faraghani, nikamwambia, "Uliniona nikiona."

Hakuinua macho. "Na wewe, Baba, uliniona kabla sijavuta. Mbona hukupiga kelele?"

Nimelitafuta jibu la swali hilo mpaka leo. Ninaloliona ni kile kiti tu.

Jana Zakaria alinipigia simu. Keshokutwa, Jumamosi, atakuja na Fidele pamoja na mtungi mwingine, ili Fidele apige magoti aniombe radhi kwa kulichafua jina la mwanangu. "Nimemulazimisha, Mwarimu," alisema. "Hataki, lakini atakuja. Sitaki mutoto atutenganishe, wewe na mimi."

Nikisema kweli, mwanangu hatacheza tena, na Zakaria atajua alikunywa na mwongo. Nikinyamaza, kijana niliyemwona akiomba kuachiwa atapiga magoti mbele yangu, mkono wake ukiwa umepinda, nami nitatakiwa kumwambia kwamba nimemsamehe.

Mke wangu ameshafua kitambaa cha meza ya wageni. Ninyi mnaonisoma, msinihurumie kwa ajili ya mvi zangu, na msinifiche lolote. Nishaurini: Zakaria akiniwekea mrija mkononi, nianze na neno gani?