Baiskeli Niliyoifunga Kwenye Seng'enge

Mwezi wa saba mwaka 2017 nilikuwa Turffontein, Johannesburg, kwa binti yangu Mwajuma, na nilichoka kufungiwa. Madirisha nondo, geti kufuli mbili, na kila jioni ananitajia walioibiwa. Mimi nimetengeneza baiskeli Kahama miaka arobaini. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nyumba nimejenga. Nikaokota fremu kuukuu uani kwake, nikaunda baiskeli, nikamwambia naenda kuuona mto Vaal, njiani nitalala kwenye hema.

"Baridi hii, baba? Hata wazungu wanaopenda mambo hayo wanasubiri joto." Akaona sisikii. "Haya. Ila ukiibiwa hiyo baiskeli, hutoki tena peke yako mpaka siku ya kurudi kwenu. Na atakayekusemesha Kiswahili njiani, mkimbie. Hao ndio wanaotujua."

Saa moja asubuhi nikashika barabara ya zamani ya Vereeniging. Baridi inang'ata masikio. Kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, dereva mmoja akafungua kioo: "Sharp, madala!" Kumbe ni salamu tu, kama "poa, mzee". Mimi nikakumbatia begi langu. Mbele, mwenye kiduka akanipa maji bure. Nikayanusa mara tatu ndipo nikanywa.

Saa tisa alasiri nyumba zilikuwa zimekwisha, nyasi kavu za manjano tu na seng'enge. Nikapata ukanda wa nyasi kando ya uzio wa shamba, upana kama hatua kumi, kila upande umelimwa mstari. Pazuri, pa usawa. Nikasimamisha hema. Baiskeli nikaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma ya uzio, ufunguo nikauficha chini ya jiwe, mbali kidogo, ili hata nikipekuliwa usionekane.

Sijakaa vizuri, bado najisemea mwenyewe, akaja mtu wa ovaroli, koleo kiunoni.

"Jambo, papa. Unatoka Tanzania?"

Kiswahili! Tena cha Lubumbashi, Kongo. Akasema anaitwa Ilunga, mlinzi wa uzio.

"Papa, ondoka hapa. Leo banachoma hizi nyasi, upepo ukitulia tu. Leta baiskeli nikusukumie."

"Uisukume uende nayo wapi?"

"Kule, kwenye trekta ya maji."

"Trekta siioni."

"Eish, papa! Na moto hautauona?"

"Nenda zako. Mimi si mtoto."

Akaondoka anatikisa kichwa. Nami niliyezaliwa porini sikujiuliza ile mistari ililimwa ya nini. Kwetu tunailima vilevile, ukanda uchomwe mapema, moto wa kiangazi usipite.

Haikupita nusu saa, moshi. Moto unakuja juu ya ukanda wangu, nyuma yake watu wana magunia mabichi. Jiwe langu lilikuwa tayari ndani ya moto. Nikavuta mnyororo kama mwendawazimu. Ilunga akaja mbio.

"Ufunguo!"

Nikamwonyesha moto. Mnyororo ulikuwa mnene kwa koleo lake. Akakata nyaya nne za uzio wa bosi wake, mnyororo ukapanda ukatokea juu ya nguzo, tukaikokota baiskeli mpaka kwenye udongo. Hema likajikunja kama mfuko wa nailoni.

Mwenye shamba, mzungu mrefu, akashuka kwenye pikapu. Ng'ombe walikuwa wameanza kuchungulia pengo. Nani amekata? Ilunga akainamisha kichwa. Nikaona kibarua cha mtu kinaondoka kwa kiburi changu. Kwa Kiingereza changu cha dukani nikasema: mimi.

Akatazama koleo mkononi mwa Ilunga, akanitazama. Akasema basi, nitengeneze.

Waya naujua. Jua linazama nilikuwa nimeunga nyaya zote. Akaugonga mmoja kwa kidole, ukalia. Akapanda gari. Ufunguo tuliukuta chini ya jiwe, mweusi, mzima.

Ilunga alinilaza chumbani kwake. Mezani nikamwambia, "Nisamehe, bwana." Sijawahi kumwambia mtu hivyo tangu nimeota mvi.

"Papa, kula. Bukari inapoa." Bukari ndio ugali.

Mto niliuona kesho yake. Ni maji.

Turffontein nilirudi siku ya tatu, nikamsimulia Mwajuma yote, hata habari ya jiwe. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia apike Jumapili, Ilunga anakuja. Kicheko kikakatika.

"Mkongo? Baba, mimi simjui!"

"Hata mimi sikumjua," nikasema. "Kidogo niungue."