Vifungo Vinane

Katika karakana ya sare walimwita Bi Vifungo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa moja tu: kukaza kwa mkono vifungo vya makoti, pale mashine ilipoviacha vikicheza. Miaka kumi na tisa. Uzi mara nne tundu hadi tundu, mzunguko mara tatu chini ya kifungo, fundo, mkasi. Watu walimsifu kwa subira, naye aliipokea sifa hiyo kama mtu anayesifiwa nguo ya kuazima. Aliamini subira ni maji ya mtungi. Kila kifungo kiliteka kikombe chake, na jioni, alipofungua mlango wa nyumbani, mtungi ulikuwa mkavu.

Na nyumbani ndiko alikokuwa mama yake. Tangu apigwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa umegoma nusu. Kila jioni, akishaoga, alivaa gauni lenye vifungo vinane mbele na kutaka kuvifunga mwenyewe. Mtaalamu wa mazoezi alisema aachwe, ndiyo dawa ya mkono. Binti alisimama mlangoni akitazama. Kwenye kifungo cha tatu, siku nyingine cha pili, aliusukuma mkono wa mama kando na kuvifunga vyote yeye, harakaharaka, kama anayefunga gunia.

"Nisamehe, mama. Subira imeniishia."

"Najua, mwanangu. Umechoka."

Waliishi hivyo, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, mpaka vidole vya mama vikaanza kukakamaa. Kaka mkubwa alipoviona, hakuzungusha maneno: Jumamosi angekuja kumchukua mama akakae kwake, ambako mkewe hushinda nyumbani. Mama hakutaka kwenda. Binti hakutaka aende.

"Mtu atoe wapi asicho nacho?" aliwauliza wenzake karakanani, nao wakamkubalia.

Wiki hiyo alijibana. Hakubishana na msimamizi. Jirani yake wa meza alimchokoza kutwa, akanyamaza. Alikuwa akiweka akiba. Jioni akavumilia hadi kifungo cha nne.

Ijumaa umeme ulikatika, mashine zikalala, wote wakarudishwa nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi. Alilala mpaka mchana. Akanywa chai mara mbili. Sindano hakuigusa. Jioni mama akatoka kuoga, akaketi kitandani, akaanza. Kifungo cha kwanza kikapita. Cha pili kikateleza, kikateleza tena. Binti akanyoosha mkono, akausukuma wa mama.

"Nisamehe. Subira imeni..."

"Imeishia wapi?" mama akauliza. Hakukasirika; aliuliza kama anayeulizia ufunguo uliopotea. "Leo umelala kutwa. Nani kaitumia?"

Binti aliutafuta uchovu mabegani, machoni, miguuni, asiuone. Alichokiona ni saa ya ukutani: kumi na mbili kasoro robo, saa yake ya kuishiwa.

Kesho yake kaka alifika saa nne asubuhi. Begi lilikuwa mlangoni. Mama alikuwa bado anavaa, na binti ameketi mbele yake, viganja amevikalia.

"Bado tu?" kaka akauliza. "Gari linaungua juani!"

"Nimehukumiwa vifungo vinane, baba," mama akasema. "Ngoja nivitumikie."

Kaka akacheka bila kutaka.

Kwenye cha tano binti alisikia hamu ya kuusukuma mkono wa mama ikimpanda, ileile ya kila siku. Akaingoja immalize. Haikummaliza. Ilikaa kidogo, ikashuka. Kwenye cha sita ikapanda tena, ikashuka tena. Jasho lilimtoka, lakini viganja vilibaki pale pale.

Cha nane kikakosa tundu. Mama alikuwa ameruka moja huko juu, na gauni zima lilikuwa limekwenda upande. Wote watatu waliliona. Kaka akapiga hatua mbele.

"Mwache," binti akasema, bila kuinuka.

Mama alilitazama gauni, akaguna, kisha akaanza kuvifungua kimoja kimoja, kutoka chini.

"Baba, kalisogeze gari kivulini," akasema. "Mimi leo sitoki. Sijamaliza kuvaa."

Kaka alimtazama dada yake, akautazama mkono wa mama. Akalinyanyua begi, akalirudisha chumbani, ndipo akaenda kusogeza gari.