Nahodha wa Chumba cha Kufulia

"Nimefua shuka za meli miaka kumi na moja, halafu leo kinyozi, mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya kusuuzia kichwa, anataka kunifundisha mimi safari za meli! Hii ni dharau!"

Aliyelalamika hivyo ni dobi wetu, na alikuwa amekumbatia pasi isiyo yake. Pasi ilikuwa ya Mwalimu, mama mstaafu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa huu na kuwachapa nusu iliyobaki. Mwalimu anavuta waya, dobi anavuta mpini, na mimi, msaidizi wa dobi, nimesimama kwenye meza yangu ya kunyooshea nguo, nangoja kuona nani ataanguka.

"Niachie pasi yangu," Mwalimu akasema. "Siwezi kukaa siku nane melini na magauni yaliyokunjamana, wifi yangu akinitazama."

"Mwalimu, pasi haipandi meli! Wanaogopa moto. Watakunyang'anya mlangoni."

"Anasema hivyo ili madobi wenzake wa huko wapate kazi," akadakia kinyozi wa mlango wa pili. Alikuwa amekuja mbio na mashine ya kunyolea mkononi. Mteja wake alibaki kitini na nywele za upande mmoja.

Dobi wetu tulimwita Nahodha. Jina alijipa mwenyewe siku aliyorudi kutoka baharini na kofia yenye picha ya nanga, na sisi tukalipokea maana alikuwa hatuachi tupumue. Ukimletea suruali, anakueleza habari za meli za kitalii. Ukija kuichukua, anaendelea alipoishia. Alikuwa na ushauri tele kwa abiria wa mara ya kwanza, tatizo ni kwamba mtaa wetu haukuwa na abiria hata mmoja. Sasa watoto wa Mwalimu walikuwa wamechanga, wakamkatia mama yao tiketi ya kutembea baharini yeye na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Nahodha alipopata habari hakulala kwa furaha.

Huyo wifi mtu mnamfahamu hata kama hamjakutana naye. Ndiye yule akija msibani anakagua mapazia. Mwalimu hakuogopa bahari wala mawimbi. Aliogopa kuaibika mbele ya mwanamke ambaye angeyasimulia hayo mpaka kaburini.

"Hebu muulizeni jambo moja tu," kinyozi akasema, akicheka kabla hajauliza. "Huko juu wanakokaa abiria, alifika lini?"

Nahodha akaiachia pasi. Mwalimu, ambaye bado alikuwa anavuta, akakalia kapu la soksi.

"Hukufika?" aliuliza kutoka kapuni.

"Sisi wa kufua tulikuwa chini kabisa, hakuna dirisha. Kupanda juu walipo abiria ni marufuku, unafukuzwa kazi. Bahari niliiona kwenye kimlango cha nyuma, penye wavuta sigara."

"Ikoje?"

"Maji tu."

Kinyozi alijishika mbavu. Mwalimu akainuka, akajipangusa. "Kwa hiyo miaka yote hii unashauri watu kuhusu mahali hupajui."

"Mwalimu, mimi sikufika kwao," Nahodha akasema, na sauti ilimbadilika, "lakini nguo zao zilinifikia zote. Nguo haijui kudanganya. Siku ya kwanza wanaleta shati moja moja, wanataka lifuliwe haraka, lina mchuzi. Kwa nini? Kwa sababu masanduku yanachukuliwa bandarini na yanafika chumbani jioni, na mtu hana cha kubadilisha. Kwa hiyo wewe weka dawa zako, pasipoti na gauni moja kwenye mkoba wa mkononi. Mifukoni nilikuta mayai ya kuchemsha, mikate, siku moja kuku mzima kwenye koti la mzee mmoja. Ya nini? Chakula kipo asubuhi mpaka usiku na kimeshalipiwa! Usifiche chakula, Mwalimu."

"Mimi nifiche kuku?"

"Hata yule mzee alionekana mtu wa heshima, koti lake lilikuwa la sufu. Tena kila safari tulibaki na nguo zilizonyooshwa zisizo na mwenyewe. Hao walishuka bandarini kununua vikapu, wakachelewa, meli ikaondoka. Wewe rudi saa nzima kabla."

Kinyozi alikuwa ameacha kucheka. Mimi pia nilikuwa nimeacha kunyoosha.

"Na chumba?" Mwalimu akauliza polepole. "Watoto wanataka jibu leo. Wifi chake amechagua juu kabisa, mbele, chenye kibaraza."

"Chaguo zuri!" akasema kinyozi. "Unaona kila kitu."

"Shuka za juu mbele," Nahodha akasema, "bahari ikichafuka, zilikuja zimebebwa na watu wawili waliofunga pua. Za chini katikati zilikuja zimekunjwa. Chukua chini katikati. Beba tangawizi na biskuti kavu. Na mezani kile kitambaa cha kujifutia mdomo kifunge shingoni, wote wanafunga. Vitambaa vyote vilikuja na mikunjo ya fundo."

Mwalimu alimtazama kwa yale macho ya kusahihisha madaftari. Mtu hajawahi kukanyaga mahali, na yeye aibebe heshima yake yote amkabidhi.

"Nikikusikiliza, unanidai nini?"

"Sitaki hela. Ukirudi, ukae pale kwenye kiti, unieleze huko juu kukoje. Ghorofa kwa ghorofa. Usiruke hata moja."

"Nitalipa," Mwalimu akasema. Akaenda zake, na pasi akaiacha.

Siku ya safari ikafika, Mwalimu akaondoka. Siku nane zikapita, meli ikarudi. Mwalimu hakuonekana. Siku ya tisa hakuna mtu, ya kumi hakuna mtu. Nahodha alikuwa akisikia kiatu cha mwanamke nje anachungulia kama kasuku. Nilimwona ananyoosha mkono mmoja wa shati mara tatu, ule wa pili akausahau.

"Ulimwambia afunge kitambaa shingoni," kinyozi alimkumbusha. "Amekuwa kichekesho cha meli nzima. Hatakuja. Angekuja kukulipa nini, aibu?"

Nahodha alivua kofia ya nanga akaitundika ukutani kwenye henga, pamoja na nguo za watu.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Mwalimu akaingia na furushi la nguo.

"Samahani, nilikuwa namuuguza wifi. Mpaka jana alikuwa anashika kuta anasema nyumba inayumba." Akakaa kitini. "Usiku wa nne bahari ilichafuka. Mimi nililala kama gogo. Yeye huko juu alitapika mpaka akaniomba msamaha wa mambo ya mwaka wa harusi yangu, mengine nilikuwa siyajui. Na pasi yake walimnyang'anya mlangoni, wakamwandikia karatasi."

Kinyozi akaingia na kumkuta Nahodha anarukaruka.

"Na kitambaa?" kinyozi akauliza haraka.

"Nilifunga shingoni. Hakuna mtu mwingine aliyefunga! Wao wanaweka mapajani. Yale mafundo, wahudumu wanakunja vitambaa mfano wa bata kabla watu hawajaja."

"Bata?" Nahodha aliduwaa. "Miaka kumi na moja nilikuwa nafua mabata?"

"Lakini nilifunga kwa uso wa kazi, uso wa darasani. Abiria mwenzetu mmoja akaniona, naye akafunga. Akafuata mwingine. Kufikia supu, meza nzima imefunga, na wifi akiwemo."

Kisha akaomba chaki yangu ya kuwekea alama nguo, akachora meli kwenye kitambaa cha meza ya kunyooshea, ghorofa kumi na mbili, na kutuanzia juu. Penye bwawa, Nahodha akamkatiza: kumbe zile taulo elfu tatu kila siku ni za kuogelea! Yeye alidhani watu wa juu wana maradhi ya kuoga. Mwalimu alieleza ukumbi wa muziki, maktaba isiyo na msomaji, ngazi za kioo, mazoezi ya kuvaa maboya ambapo wifi alivaa la mtoto. Wateja waliingia, wakasimama, wakasahau kilichowaleta. Saa mbili nzima hakuna aliyehudumiwa, na mimi sikugusa pasi.

Akafika ghorofa ya pili. "Hapa ndipo nililala. Sakafu ilikuwa inatetemeka kidogo, inavuma. Nikamuuliza mhudumu ni nini. Akasema mashine za kufulia, zipo chini yako."

Chaki ikashuka mstari mmoja, ikasimama. "Hapa sijui kukoje. Niliomba nishuke nione, wakasema abiria marufuku."

Nahodha akavuta stuli, akakaa karibu na meza, akaichukua ile chaki.

"Mwalimu, hudaiwi," akasema. "Sasa tulia. Mlango uko upande huu."