Tairi Lililofungwa Mkanda

Maxwell alikuwa mtu wa kufuata sheria. Alivuka barabara kwenye mistari myeupe, katikati ya Nairobi, akiwa peke yake huku wenzake wakikimbia kati ya magari. Katika duka la Mzee Mohdhar mjini, ambako kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiuza vitasa, bawaba, misumari na jeki za magari, hakuna mteja aliyetoka bila kuonyeshwa namna ya kutumia alichonunua, hata kama ni msumari mmoja. Kwa hiyo usimfikirie vibaya ukisikia kwamba Jumanne moja asubuhi alionekana mtaani Kabiria akiendesha gari huku tairi limekaa kiti cha mbele, limefungwa mkanda, naye analizungumzisha kwa adabu. Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa amembeba mama mkwe wake.

Mama Nasimiyu, mamake Veronicah, alitoka Bungoma, kwenye nyumba iliyoshika mila kuliko nyumba zote za kijiji. Mama mkwe na mkwe hawapeani mikono. Hawaitani majina. Hawali pamoja, na mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake hata mvua ya mawe ikinyesha. Kwao waliongeza na jambo jingine: hawa wawili hawasemezani moja kwa moja. Neno lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, mtu wa tatu alikuwa Veronicah. Mama akisema, "Mwambie afunge dirisha," na Maxwell amesimama hapo hapo dirishani, alingoja mpaka mkewe aseme, "Funga dirisha," ndipo anyooshe mkono.

Mwaka huu Mama akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kijijini walijua mambo yameharibika siku alipomsalimia mbuzi na kumuuliza habari za watoto. Akaletwa Nairobi, akafikia Kabiria kwa Joash, mwanawe wa kiume ambaye ni askari wa lindo, na jicho la kulia likafanyiwa upasuaji kwenye kliniki moja mjini. Lilipona vizuri. Siku bandeji ilipotolewa aliangalia kuta za Joash na kumwambia zinahitaji kuoshwa.

Jicho la kushoto lilipangiwa miezi miwili baadaye, na daktari alisema wazi kwamba likiachwa mpaka mwaka ujao huenda lisiokolewe tena. Hapo ndipo Mama alipogoma.

"Mwambie mwenye gari," alimwambia Veronicah, "gari lake lilinitikisa mpaka nikahisi jicho langu jipya linataka kuangukia kwapani. Mimi sipandi tena. Jicho moja linatosha kuchambua mboga."

Walipomtajia teksi, alikataa kata kata. Dereva wa teksi hajulikani ni mtoto wa nani.

Maneno yale yalimwingia Maxwell mpaka kwenye mifupa. Gari lenyewe lilikuwa BMW kuukuu aliyouziwa na Ridhaa, mwana wa Mzee Mohdhar, na ni kweli lilikuwa gumu. Likikanyaga kibiriti, ulijua kina njiti ngapi. Sababu ilikuwa matairi. Yalikuwa yale yanayoitwa ranflati, ambayo yamejengwa kuta ngumu ubavuni ili hata yakitobolewa na upepo wote ukaisha, gari liendelee kutembea mpaka ufike kwa fundi. Ni akili nzuri sana kwa nchi yenye lami kila mahali. Kwenye mashimo ya Kabiria ni kama kupanda meza.

Maxwell akalipeleka kwa Mutiso, fundi wa tairi pale karibu na soko la Kawangware, mtu mwenye mikono minene na maoni mengi.

"Boss, hii si tairi," Mutiso alisema akiligonga kwa chuma. "Hii ni jiwe imepakwa rangi. Nikutolee zote nne?"

"Toa zote. Weka zile za kawaida, laini kabisa. Nabeba mtu wa macho."

Kuyatoa kwenye rimu kulikula siku nzima. Mutiso aliyapanda, akayarukia, akayatukana kwa Kikamba, kisha akaita jirani yake muuza viatu wakayarukia pamoja wakishikana mabega. Jioni matairi mapya yalikuwa mahali pake na Mutiso alikuwa amekaa chini, akihema.

"Sasa nisikie vizuri," alisema. "Hii gari haina spea. Haina jeki. Hata shimo ya kuweka spea haina, kwa sababu waliotengeneza waliamua pancha haipo. Sasa umerudi kwa dunia yetu. Spea nitakupea, na wili spana ya kufungua nati. Jeki utanunua."

"Jeki si shida," Maxwell alisema. "Nauza jeki."

Ni kweli aliuza. Wiki ile aliuza jeki tatu, na kila mteja akamwonyesha pa kuiweka chini ya gari na kumwonya asisafiri bila hiyo. Yeye mwenyewe hakujiuzia hata moja. Mzee Mohdhar alimwona akizipanga dirishani na kumwambia, "Maxwell mwanangu, chukua hiyo moja uende nayo, usije ukaadhirika." Maxwell akajibu kwamba ataichukua Jumamosi, na Jumamosi akasahau.

Mama alishawishika kwa kidole. Veronicah alimleta nje, naye Mama akainama, akaliminya tairi jipya kama anayechagua parachichi, akasema, "Hili lina mwili. Mwambie nitakwenda."

Jumanne yenyewe Veronicah, ambaye ni mwalimu, alikuwa anasimamia mtihani na hakupata ruhusa. Joash alikuwa lindoni. Maxwell akatoka kwake Mountain View mapema, akafika Kabiria saa moja. Kutoka hapo mpaka mjini ni saa nzima na foleni, watu wawili tu garini, wasioweza kusemezana.

Mama alitoka na zawadi za daktari aliyemponya jicho la kwanza: mkungu wa ndizi, maboga matatu, na jogoo mweupe ndani ya kikapu. Vyote vikaingia kwenye buti, na buti ikajaa. Spea ikakosa mahali. Mama mwenyewe aliketi nyuma, kwa kuwa kiti cha mbele ni karibu mno na mkwe. Basi Maxwell akaliweka tairi kiti cha mbele. Alipowasha gari, gari likaanza kulia, ti-ti-ti-ti, likidhani abiria wa mbele hajafunga mkanda. Alivumilia hatua ishirini, akasimama, akalifunga tairi mkanda. Kimya.

Wakaenda hivyo kwa dakika tano. Mama alikohoa, akatazama huku na huku kwa lile jicho zima, akatafuta mtu wa tatu. Kisha akainama mbele.

"Wewe tairi," alisema. Alitumia Kiswahili, maana tairi la Nairobi halitajua Kibukusu cha kwao. "Mwambie dereva kuna upepo."

Maxwell alilitazama tairi. Alingoja muda ambao mtu angehitaji kupokea ujumbe na kuufikisha, halafu akapandisha kioo.

"Mwambie mama samahani," aliliambia.

"Mwambie hakuna neno. Mwambie pia gari leo linatembea kama linaenda kanisani."

Maxwell alijisikia raha mpaka masikioni. Miaka kumi na mmoja na hilo ndilo neno zuri la kwanza, na kulipata kwa mdomo wa tairi hakukulipunguzia chochote. Walizungumza mahindi, wakazungumza mtihani wa watoto, tairi likifikisha kila kitu bila kuchoka. Walikuwa wamefika kwenye ubashiri wa mvua pale gari lilipoanza kuvuta kushoto. Maxwell alishuka. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelala kabisa, na kichwa cha msumari wa inchi nne kiking'aa ndani yake. Aliitambua hata aina. Walikuwa wakiiuza dukani.

Ranflati angalau zingewafikisha mjini. Alifikiria hilo, na akajichukia.

Saa moja na nusu. Kliniki ilikuwa saa mbili na nusu, na waliochelewa walipangiwa upya baada ya miezi mitatu, wakati Mama atakuwa amerudi Bungoma na hakuna atakayemtoa huko tena. Maxwell alimfungulia mlango akitazama pembeni, akafungua mkanda wa tairi, akalitoa na kuliegemeza kwenye ua wa mabati. Akashika wili spana. Halafu akakumbuka jeki zilizopangwa dirishani, kubwa na ndogo, na akaketi juu ya jiwe.

Hapo pikapu ya nyama kutoka machinjioni Dagoretti ikasimama. Wakaruka wanaume wanne wa miraba minne, wamevaa makoti meupe yaliyotapakaa damu ya asubuhi.

"Niaje buda? Hauna jeki?" mmoja aliuliza.

"Sina."

"Si tuibebe tu. Leo tumebeba ng'ombe nane."

Mama, aliyekuwa akimtoa jogoo apate hewa, aligeuka. Jicho moja lilikuwa na ukungu na la pili lilikuwa na jua. Aliona makoti meupe. Aliona damu. Alilifuata tairi mpaka kwenye mabati, akamkumbatia jogoo kifuani.

"Tairi," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Muulize dereva, hawa ndio madaktari wa leo?"

"Mwambie mama hapana," Maxwell alisema haraka. "Ni watu wa nyama."

"Ni watu wa nyama, mama," alisema yule mbebaji, aliyeona tairi linachelewa kujibu.

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anatetemeka, na jogoo naye anatetemeka kwa sababu alikuwa ameshikwa naye. Maxwell aliwaona wote wawili, na gari lilikuwa limesimama tuli.

"Tairi," Mama alisema polepole. "Mwambie dereva gari lake halikuwa na kosa. Hata yale matairi magumu ya kwanza hayakuwa na kosa. Siku ile nilitikisika mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka kitandani kwa madaktari, na wakati wa kurudi pia. Wanakuambia usifumbe jicho, na wewe unaona kisu kinakuja. Niliona haya kusema. Mtu mzima kama mimi. Mwambie nimemtia gharama bure na anirudishe nyumbani."

Wabebaji wa nyama walitazama viatu vyao. Maxwell aliinuka kwenye jiwe, akaja, akachuchumaa upande wake wa tairi. Tairi likawa kati yao.

"Mwambie mama," alisema, "mimi nilibadilisha matairi kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Yeye akiogopa, mimi naogopa mara mbili, maana akikosa jicho Veronicah atalia na mimi sitaweza kumnyamazisha. Mwambie nitakaa kwenye benchi mlangoni. Siwezi kuingia, na yeye hawezi kuniita. Lakini nitakohoa. Akisikia kikohozi, ajue kuna mtu wake nje. Sitaacha mpaka atoke."

Mama alimhamishia jogoo kwapani.

"Mwambie akohoe kwa nguvu," alisema. "Sikio la kushoto nalo si zima." Kisha akalipapasa tairi kichwani, kama tuseme lina kichwa. "Nenda basi. Kazi yako inakungoja."

Wanaume wanne walilinyanyua gari upande mmoja, mmoja wao akilalamika kwamba ng'ombe ana mahali pa kushika. Maxwell akabadilisha tairi. Lile lenye pancha likapanda kiti cha mbele, likafungwa mkanda. Mama hakulisemesha kitu njia nzima. Alisema baadaye kwamba hakulijua vizuri, halafu lilikuwa gonjwa.

Walifika saa mbili na dakika ishirini na tisa. Maxwell aliketi kwenye benchi na kuanza kukohoa. Alikohoa mlango ulipofungwa, akakohoa saa tatu, akakohoa wagonjwa wengine walipohama benchi. Muuguzi alimletea maji. Wa pili alimletea barakoa. Wa tatu alimwandikia karatasi ya kwenda kupimwa kifua, akamwambia kwa upole kwamba mambo haya siku hizi yanatibika. Maxwell akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakohoa.

Mama alitoka akiwa amefungwa bandeji, anashikwa mkono. Alipopita kwenye benchi alipunguza mwendo. Hakumtazama. Naye alikohoa, mara moja.

Wiki sita baadaye walimpeleka kukaguliwa, na safari hii Veronicah alikuwepo. Gari lilikuwa na matairi manne laini, jeki mbili, na spea iliyozibwa ikiwa imelala kwenye buti, kwa kuwa hakukuwa na maboga tena. Veronicah alifungua mlango wa mbele akaketi. Mama, mwenye macho mawili mapya, alisimama nje ya gari akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Toka hapo," alisema.

"Mama?"

"Njoo ukae nyuma na mimi. Wewe ukipewa neno unaongeza yako." Akaelekeza kidole kwenye buti. "Mleteni yule."

Maxwell alishuka bila kungoja aambiwe mara ya pili, akalitoa tairi, akaliketisha kiti cha mbele, akalifunga mkanda kabla ya kufunga wake.